Maswali ya Madume Yalipoingia Grupu la Ukoo

Leo nimeaibika, tena kwa jina la elimu.

Nasomea mifugo, niko mwaka wa mwisho. Utafiti wangu unahusu madume ya ng'ombe kwa akina mama wafugaji wa Tumati. Mvua imeharibu njia, sifiki. Msimamizi wangu akasema, "Tumia mitandao, binti." Basi asubuhi hii, nikiwa nyumbani Tlawi, nikatuma maswali kwenye grupu la wafugaji:

"Akina mama, shikamooni. Dume wako ana umri gani? Bado ana nguvu? Una mpango wa kumbadilisha? Majibu yenu ni siri."

(Siri, kwenye grupu. Msomi huyo.)

Jibu likaja haraka: "Miaka sitini na mbili. Nguvu za kula anazo."

Nikajua mama wa watu amekosea tarakimu. Nikauliza kitaalamu: "Asante, mama. Bado anapanda?"

"Anapanda mahindi tu, tena kwa kusukumwa."

Hapo nikatazama jina la grupu juu ya skrini. Ukoo Wetu. Anayejibu ni shangazi yangu wa Dongobesh, na mumewe yumo humo humo.

Nikabonyeza kufuta. Mtandao ukasuasua, hakikufutika kitu. Ujumbe mwingine ukaingia, wa mama yangu mzazi, aliyekuwa jikoni: "Wangu anakoroma sana. Kumbadilisha nimefikiria, ila nani atamchukua?"

Nikakimbilia jikoni. "Mama, futa. Nilimaanisha ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?"

Baba akatokea mlangoni, ametoka shambani, simu mkononi.

"Shikamoo, baba."

Hakuitikia. (Baba yangu huitikia hata shikamoo ya redioni.) Akavaa miwani, akatusomea yote kwa sauti, polepole, kama risala ya mgeni rasmi. Kisha akamgeukia mama.

"Kwa hiyo umenitafutia mteja, ukamkosa?"

Mama akakoroga ugali kwa bidii ya ajabu. "Muulize msomi wako."

Nikajieleza. Utafiti, Tumati, grupu nimekosea. Baba akasikiliza mpaka mwisho.

"Na hao wa Tumati wamejibu nini?"

"Bado sijawatumia, baba."

Akaketi, akaomba chai, akaandika kwenye grupu: "Dume amesoma. Leo hapandi wala hapalilii." Mume wa shangazi akamuunga mkono: "Hata huku."

Jembe nimekabidhiwa mimi. Naandika haya katikati ya maharage, matope mpaka magotini. Msinicheke jamani. Anayeshindwa kujizuia aje na jembe lake, tucheke tukipalilia.