Namna Nilivyosafisha Njia ya Mpofi

Leo nimepata haya ya kunifikisha mpaka Pasaka. Ninawaambia mwenyewe, dada Yosefina na wewe shemeji, kwa sababu kesho watu watawaambia sokoni, na wale hawatanihurumia. Mukae chini. Mutoto aendelee kulala tu. Ni heri asijue kwanza mujomba wake ni mutu wa namna gani.

Munajua nilitoka Mushaki kuja kumuona huyu mutoto. Mpaka Masisi nilitembea peke yangu bila shida. Kwetu milima iko wazi: mutu unamuona akiwa kilima cha pili, unamuita, anaitika, munasalimiana mpaka sauti inakauka. Lakini pori! Wote walinionya. Kule hapana kupita peke yako, kuna chui. Utafute kikundi, ujiunge nao, wakuzoee, maana na kurudi utawahitaji. Na mimi kurudi ni lazima. Maharagi yangu imekauka shambani, mvua iko karibu, na bibi yangu hawezi kuivuna yote na ile mimba yake kubwa. Basi kazi yangu leo ilikuwa moja tu: wanipende.

Asubuhi, pale pori inaanzia, nikakuta kikundi kinafunga mizigo. Mukubwa wao ni Mama Zawadi, mama mufupi mwenye panga mukononi, anapeleka maharagi Mpofi kubadilisha na mafuta ya ngazi, ile mekundu ya michikichi.

"Papa, unaenda wapi?"

"Mpofi, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akaangalia kabuti yangu. (Kabuti ya kaki, ya wakati wa vita. Joto ilikuwa inaniua, lakini ni nguo yangu ya ugenini.) Akasema, "Ingia katikati. Mbele ni sisi, nyuma ni wale wa polepole. Usituache, usipotee."

Nikaingia katikati. Mbele walikuwa wanaongea Kinyanga na kucheka. Nikacheka nao. (Sikusikia hata neno moja.) Nyuma kulikuwa mama muzee Marta, mama-mukwe wake Mama Zawadi, na wabibi wawili. Mama Marta alibeba chungu ya chakula ya wote kwa kichwa, na alikuwa anatembea kama mutu mwenye siku zake zote. Punde hata sauti yake sikuisikia tena. Nikabaki peke yangu katikati ya kikundi, ninaona tu migongo ya wale wa mbele.

Njo pale nikaona uchafu.

Njia ilikuwa imegawanyika. Kwa ile ya kushoto kulikuwa tawi bichi, limelala katikati kabisa, na fundo la majani juu yake. Katikati ya njia! Dada, unajua kwetu. Kila nyumba iko na kipande chake cha barabara cha kusafisha, na kapita, musimamizi wa barabara, akikuta hata tawi moja kwa kipande chako, utajieleza na mugongo. Tangu ujana mimi siwezi kuruka tawi. Mukono unaenda wenyewe. Nikamufikiria na yule mama muzee na chungu kwa kichwa: akijikwaa je? Nikaliokota. Kisha nikawaza, aa, hii si kuni? Wakiwasha moto na kuni yangu, nani atanisahau?

Mbele kidogo, njia ingine, tawi ingine. Nikaokota. Na ingine tena. Watu wa pori ni wachafu kweli, nikawaza. (Unisamehe, shemeji.) Zilipokuwa nyingi nikavua kabuti, nikazifunga ndani.

Tukafika pa kupumzikia. Mama Zawadi akaona muzigo wangu.

"Papa, hata kuni umeleta?"

"Nimeleta, mama. Na njia nimesafisha, wazee wasijikwae."

"Eeh! Watu wa Masisi muko na roho muzuri!"

Wakanipa nafasi kwa gogo lao. Mumoja akanipa ndizi mbivu. Mwingine akaniuliza jina la bibi yangu na maharagi inaendelea namna gani. Nilikuwa tayari mutu wao. Ninyi mungeona namna nilivyokaa!

Tukangoja wale wa nyuma. Tukangoja sana. Mama Zawadi akasimama, akaangalia njia. "Lakini nimefunga njia zote," akasema.

Mimi, kwa upole wangu, nikauliza, "Kufunga njia ni nini, mama?"

"Ile njia mubaya unalaza tawi juu yake. Wa nyuma akiona, anajua hapana kupita pale. Kwenu munafanya namna gani?"

Ndizi nikaiweka chini. Nikaangalia kabuti yangu. Kisha nikahama gogo polepole, nikaenda kukaa juu ya ile kabuti.

Pale njo tukasikia wimbo. Mbali, ndani ya pori, sauti tatu za wabibi zilikuwa zinaimba ule wimbo wa kanisa wa kuzika watu. Yesu Maria! Mimi naimba sauti ya pili kwa parokia, na kinywa changu hakiombi ruhusa. Nikaitikia.

"Nyamaza, papa!" Wote pamoja. Na tukakimbia.

Walikuwa ndani ya matope, pale tembo wanaoga. Wabibi wawili wameshika mizizi. Mama Marta amezama mpaka kifua, na chungu bado iko kwa kichwa, hata haragi moja haikumwangika. Nikajitupa ndani mbele ya wote. (Ilikuwa hofu, si wema.) Nikamuvuta, nikamuvuta, akatoka, lakini muguu umeteguka.

Akanishika uso na mikono yake ya matope. "Mwanangu! Watu wangu wote wako hapa, na ni mugeni njo alijitupa! Mungu abariki mama aliyekuzaa!"

Wakapiga makofi. Na mimi nikasema, "Si kitu, mama." Si kitu! Nilisema vile kwa kinywa changu mwenyewe, na matope kwa masikio.

Tukamurudisha pa kupumzikia, anatetemeka, hataki kuachilia mukono wangu. "Washeni moto, mama akauke," akasema Mama Zawadi. Akaenda mwenyewe kwa kabuti yangu, akaifungua. Matawi yakaanguka, kila moja na fundo lake la majani.

Akaokota moja. Akaligeuza. Akaokota la pili. Mutu hasahau kazi ya mikono yake.

"Papa. Hizi uliokota wapi?"

"Njiani, mama."

"Zote?"

"Zote. Nilifikiri ni takataka."

Hakuna mutu aliyecheka. Ningefurahi wangecheka. Mama Marta akaangalia tawi, akaangalia matope yake, akaniangalia mimi. Ule mukono wake ukaniachilia, kidole kimoja kimoja.

Mama Zawadi akasema, "Huyu kurudi, atarudi na chui wake."

Hapo nikaogopa kweli. Niliona maharagi yangu inaoza kwa mvua, na bibi yangu anainama peke yake kati ya mistari.

"Hapana," akasema mama Marta. "Nipeni ile tawi. Wewe, inama."

Nikainama. Nilikuwa najua kupigwa, kwa kapita tulizoea. Nikafunga macho. Yo! Mama akapanda mugongoni.

Na hivyo njo nilivyoingia Mpofi, shemeji. Akigusa bega la kushoto na tawi, ninaenda kushoto. Akigusa kuume, kuume. Kila mutu tuliyekutana naye, mama ananisimamisha mbele yake, anamueleza yote tangu mwanzo, wanacheka mpaka machozi, ndipo tunaendelea. Sokoni alinizungusha, wale wa nyuma nao waone uso. Baba yako alikuwa pale. Alinipa mukono vizuri, kwa heshima, kisha akaenda nyuma ya duka la chumvi, na nikamusikia anapiga mapaja.

Lakini kurudi, nitarudi. Mama Marta ameshasema: bila mimi haendi, na bila yeye Mama Zawadi haendi. Muguu wake, anasema, hautapona mbele ya kufika Masisi. (Jioni hii nimemuona anacheza na wajukuu wake wa hapa. Nimenyamaza.) Nilitafuta rafiki wa safari, nimepata, tena muzito.

Basi mucheke polepole, nawaomba. Mama Marta yuko hapo inje kwa mulango, anauliza kama miguu yake mipya imekula.