Makasha Mawili ya Spika Yaliyomhamisha Mke Wangu

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Nyumba na Vifaa,

Nakuandikia nikiwa na afya njema, jambo ambalo kwa sasa majirani zangu hawaliamini.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa shule, nami husoma gazeti nikiwa na kalamu mkononi. Mwandishi wenu wa vifaa vya muziki aliandika kwamba mnunuzi wa spika asitazame bei peke yake, kwa sababu nusu ya sauti imo katika kasha. Kasha jepesi hutetemeka na kuichafua sauti. Kasha zito hunyamaza, likaiacha spika iseme. "Ligonge kwa kifundo cha kidole," alishauri. "Likilia kama debe, liache." Nilipiga mstari chini ya kila neno, nikamwamini. Leo mke wangu amehamia kwa dada yake, nami nadai gazeti lako linirudishie. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikwenda dukani nikagonga. Spika za plastiki za bei nafuu zililia kama debe. Za bei ya kati, zilizobandikwa karatasi yenye picha ya mbao, zililia kama debe lililovaa suti. Za bei ya juu hazikulia kabisa, ila niliposoma bei nusura nilie mimi. Binti muuzaji akaniuliza, "Babu, unapiga hodi? Humo ndani hamna mtu." Duka zima likacheka. Mtu wa umri wangu kuchekwa mbele ya majokofu si jambo dogo.

2. Nilipiga hesabu kwamba kinachopandisha bei ni kasha, basi ninunue spika tupu, koni na sumaku yake, na kasha nichongewe. Mwandishi wenu hakukataza. Niligonga vitanda, makabati na milango ya kila seremala, na vyote vililia. Mjini hapa ni fundi mmoja tu ambaye kazi yake hailii, maungio yake hayapitishi hata ukucha, na bei yake ni ya kiungwana. Fundi huyo hutengeneza majeneza. Tena mwandishi wenu alisisitiza kwamba pande za kasha zisiwe sambamba, ili sauti isirudirudi ndani. Kwa hiyo fundi alipouliza kama abadilishe umbo lake la kawaida, pana mabegani na jembamba miguuni, nilimwambia aliache vilevile. Nikamweleza kuwa nataka mawili, kimo chake kifike sikioni nikiwa nimeketi. Akanivutia kiti kwa upole, akasema, "Kaa, Mzee wangu. Wengi hawana ujasiri wa kuja kupimwa mapema."

3. Fundi huyo ana gari la aina moja tu, na hajui kuliendesha ila polepole. Makasha yalifika mchana kweupe, yamefunikwa kitambaa. Kabla hayajaingia sebuleni, viti vilikuwa vimekwishapangwa uani. Jirani yetu wa mkono wa kulia aliangua kilio: "Wote wawili kwa mpigo! Jamani, na Mzee juzi tu kanigombeza kwa ajili ya kuku!" Nilipotoka kumtuliza, alipanda ukuta. Katibu wa chama cha wastaafu alisoma hotuba ya kunikumbuka. Ilikuwa na makosa mengi ya sarufi, nami sikupewa nafasi ya kuyasahihisha.

4. Mama watoto alirudi kutoka sokoni akakuta watu wanamlilia. Aliweka kikapu chini, akayatazama makasha, akanitazama mimi. "Baba watoto, chagua. Hayo masanduku au mimi. Sinywi chai huku kaburi linanikodolea macho!" Nikaanza kumweleza habari ya pande zisizo sambamba. Ndipo alipofunga mizigo. Shemeji yangu hapokei simu zangu, na chai ninayojipikia hainyweki.

Kwa sababu hizo, naomba kwa heshima mwandishi huyo aachishwe kazi. Pia itangazwe katika ukurasa wa mbele kwamba kasha si kitu, na mwenye busara anunue spika za plastiki nyepesi kuliko zote. Tangazo liambatane na picha yangu nimesimama wima. Mwisho, wewe mwenyewe, Ndugu Mhariri, uende kwa shemeji yangu ukapige magoti.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti na familia zao, na hata mwandishi huyo, kwani hasira haimruhusu mtu kukosa adabu.

Wako aliye hai,
Mkaguzi Mstaafu wa Shule

Baada ya saini: Mke wangu amekuja kuchukua sufuria zake. Alipokuwa jikoni niliwasha kanda kwenye spika nilizokwisha kuzifunga ndani ya makasha, kwa upweke tu. Ametoka mbio akiuliza ni mwanamke gani anaimba sebuleni mwake. Amemtafuta nyuma ya makasha, amemkosa, kisha ameketi kwenye kiti changu. "Hebu rudisha hapo," amesema. "Nimemsikia akivuta pumzi." Sasa ni mara ya nne, sufuria iko mapajani, na jirani yetu yuko dirishani anaomba tuongeze sauti. Basi barua hii usiichapishe. Muulize tu mwandishi wenu, ambaye mshahara wake nashauri uongezwe, ni makasha ya ukubwa gani yanafaa chumba cha kulala. Mama watoto anataka yawe mazito zaidi.