Kukamatwa kwa Lori Langu Lenye Urefu wa Kiatu

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Askari wa Usalama Barabarani,

YAH: LORI LIFUNGULIWE VIBANIO NA LITOLEWE KABATINI

Mheshimiwa Mkuu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi basi marahaba, tuendelee.

Mimi ni dereva mstaafu wa lori. Jina langu halina haja, uliza barabara yoyote yenye mlima watakuambia. Elimu yangu ni darasa la tano, ila hilo la tano nililisoma mara mbili, kwa hiyo ukihesabu vizuri nina madarasa sita. Nasema hivi usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa kubahatisha.

Namshitaki askari wako mstaafu, shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo. Bila shaka mnamkumbuka hapo ofisini kwa jina la Simama Hapo. Mtu huyu amelikamata lori langu kinyume cha sheria. Lori lenyewe lina urefu wa kiatu cha mtu mzima, limetengenezwa kwa plastiki, mbao nyembamba na bati la kopo la maziwa, na mpaka naandika hapa limefungiwa ndani ya kabati la vyombo la dada, katikati ya birika na vikombe vya wageni.

Ujue kwanza tulifikaje huko. Shemeji alipostaafu alishindwa kukaa. Akawa anasimama kwenye korido ya nyumba yake na kandambili, anaongoza watu. Dada akaja kwangu karibu kulia: "Kaka, nitolee huyu mtu ndani. Napita na sufuria ya moto, ananiinulia mkono nisubiri paka apite kwanza!" Mimi ni mtu wa huruma, na wakati ule nilikuwa tayari bingwa wa magari madogo, nayatengeneza mpaka nzi wakitua juu wanatafuta siti. Basi nikamfundisha. Kukata plastiki kwa wembe, kupiga msasa mpaka kidole kiteleze, kupaka rangi mkono mwembamba, kusubiri ikauke, kupaka tena. Tairi ni vizibo vya chupa tunavivika mpira wa baiskeli. Kila Jumamosi mchana, meza ya dada, magazeti yametandikwa, madirisha wazi kwa ajili ya harufu. Tumetengeneza teksi, gari la zimamoto, na basi moja lililoharibika paa kwa gundi tukasema ni la watalii.

Mwaka huu tukaamua kumtengeneza Bibi Harusi, lori langu mwenyewe nililoliendesha mpaka kustaafu. Lile la kweli lilikatwakatwa likaenda vyuma chakavu, kwa hiyo hili dogo ndilo Bibi Harusi pekee aliyebaki duniani. Hapo ndipo shemeji aliponigeukia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kutu. Nilimpaka Bibi Harusi rangi nyekundu, mikono mitatu, vanishi juu, anang'aa ungeweza kunyolea ndevu. Nikaenda kunawa. Kurudi, namkuta shemeji ameshika kipande cha sponji na rangi ya kahawia, anampaka kutu milangoni. Nikamwuliza, wewe una akili timamu? Hata kichwa hakuinua. "Shem, lori hili nalijua kuliko wewe. Wewe ulikuwa ndani, mimi nilikuwa nje." Mheshimiwa, Bibi Harusi hakuwahi kushika kutu. Mvua yenyewe ikimwona ilikuwa inampisha.

2. Bampa. Amelifunga bampa la mbele kwa uzi mweupe wa cherehani, eti siku zote lilikuwa limefungwa kamba. Uzushi. Bampa lile liliwahi kugongana na treni, na treni ndiyo iliyorudi kituoni.

3. Taa. Hili limenitoa machozi, na mimi hulia kwa nadra, mara ya mwisho nilifurikisha barabara wakaniomba niache. Taa za mbele ni shanga mbili nilizochagua mwenyewe kwenye mkufu uliokatika. Yeye kachukua ya upande wa taniboi akaipaka nyeusi, eti ilikuwa haiwaki! Naapa mbele ya sheria: taa zote mbili ziliwaka. Nikipita vijijini majogoo walikuwa wanawika, watu wanaamka wanabeba majembe, wakifika shambani ndio wanagundua kumbe bado ni usiku.

4. Dereva. Aliye kwenye usukani ni mimi, kwa udongo wa mfinyanzi. Amenipa kitambi. Nilipomwambia akipunguze akasema hawezi, maana hicho kitambi ndicho kinachomshikilia dereva asidondoke chini ya siti.

5. Askari. Tumempandisha Bibi Harusi juu ya ubao tuliouchora barabara. Shemeji, bila kuniuliza, akatengeneza askari wa trafiki kwa kijiti cha kiberiti, kofia nyeupe, glavu nyeupe, mkono juu, akamgandisha mbele ya lori kwa gundi. Sasa fikiria mwenyewe, Mheshimiwa. Lori limegandishwa, askari kagandishwa, mkono haushuki. Safari hiyo itaisha lini? Dunia itafika mwisho, Bibi Harusi bado anasubiri kuruhusiwa! Na katika udereva wangu wote sikuwahi kusimamishwa na askari hata mara moja. Walikuwa wananipigia saluti tu na kunionea wivu.

6. Kukamatwa kwenyewe. Nilichukua kisu kidogo nikakipitisha taratibu chini ya viatu vya yule askari, nimng'oe kwa heshima zote. Shemeji akasimama. Akaenda chumbani, akarudi amevaa kofia ya kazi, akapuliza filimbi sebuleni. Akasema nimemshambulia askari aliye kazini. Akayabana matairi ya Bibi Harusi kwa vibanio vya nguo vya dada, akamtia kabatini, akafunga, ufunguo akausokomeza kwenye soksi aliyoivaa. Dada akamwambia, "Baba, vikombe vyangu navyo vina kosa gani?" Akajibiwa vinasaidia uchunguzi. Siku hizi wageni wa nyumba ile wananywa chai kwenye bakuli.

Mimi nikasema sitakanyaga tena pale. Nikaelekea mlangoni nikitegemea ataniita. Akasema, "Washa indiketa kabla ya kutoka."

Tangu hapo sijaenda, na Jumamosi zinapita hivihivi kama hazina wenyewe. Jumamosi hii ni maonyesho ya magari madogo pale ukumbini. Tumeandikishwa majina mawili, gari moja. Tusipotokea, meza yetu anapewa kinyozi, mtu ambaye gari lake kalinunua dukani limeshapakwa rangi, yeye kazi yake ilikuwa kubandika stika. Nimejaribu kutengeneza Bibi Harusi wa pili hapa kwangu peke yangu. Kioo cha pembeni kimeniganda kwenye kidole gumba na hakitoki, ndiyo maana mwandiko wangu leo umekaa upande. Shemeji ana mkono mtulivu, hilo simnyimi. Alikuwa anaweza kuandika faini amening'inia kwenye mlango wa gari linalotembea. Nimeona kwa macho yangu. Mlango ulikuwa wa gari la mtu mwingine.

Kwa hayo yote, naomba yafuatayo. Utume kikosi nyumbani kwa dada, wavunje kabati lakini wasivunje vikombe, wamtoe Bibi Harusi akiwa hai. Yule askari wa kijiti ahamishwe, apelekwe kituo kigumu, napendekeza juu ya redio ambako vumbi ni jingi. Shemeji mwenyewe arudishwe kazini mara moja, apewe barabara ya mbali isiyo na magari, alinde huko. Ila Jumamosi mchana awe na ruhusa, na usafiri wa serikali wa kumrudisha, maana msasa hauwezi kupigwa na mtu mmoja, mwingine lazima ashike. Na kama hayo yote hayawezekani kwa kuwa sheria hairuhusu, basi ibadilishwe sheria. Iandikwe kwamba lori lolote lisilozidi kiatu litahesabiwa ni kiatu, na hakuna askari mwenye mamlaka juu ya kiatu cha mtu.

Ukiona ugumu kuamua, niachie ofisi siku moja. Nimewahi kuongoza magari kwenye njia panda kwa nyusi tu, mikono ikiwa mfukoni.

Nisalimie askari wote wa zamu, waliosimama barabarani na wale waliojificha vichakani na mashine ya mwendo, waambie nilikuwa nawaona. Msalimie mpishi wenu wa kantini, karani atakayekusomea barua hii, na mbwa wa kunusa kama bado yupo.

Wako anayesubiri ameegesha pembeni bila kuzima injini,

Dereva Mstaafu wa Bibi Harusi,
Mlalamikaji

N.B. Kabla hujamchukulia hatua shemeji, naomba umfikishie maneno machache, kwa kuwa mimi siongei naye. Taa iliyokuwa haiwaki ni ya upande wa dereva, siyo ya taniboi, nani asiyejua hilo? Airekebishe kabla ya Jumamosi, hatuwezi kupeleka uongo kwenye maonyesho. Bampa asilifunge kwa uzi mweupe, ilikuwa kamba ya katani, ninazo nyuzi zake hapa, nitakuja nazo asubuhi, asitoke. Kutu naona haikufika chini ya ngazi ya mlango, aongeze. Na yule askari wa kijiti nimefikiria sana, abaki. Ila amewekwa karibu mno na bampa, kama mtu anayeogopa nitampita. Amsogeze nyuma kidogo, na mkono aushushe. Nilikuwa nasimama hata kabla hajauinua.