Sifuri za Kina Mama wa Ggaba

Nakhisa wangu anavaa joho! Wa kwanza katika ukoo wetu wote, kutoka Bungoma mpaka hapa Ggaba, na kuku nimeshaanza kunenepesha.

Sasa salamu. Kwako Daktari Olweny, mwalimu unayemsimamia binti yangu hapo chuoni. Mimi ni Nabalayo, mama yake, mwenyekiti wa kina mama wauza samaki wa mwalo huu. Shule niliachia darasa la sita, lakini mwandiko wangu unauona mwenyewe.

Naandika kwa heshima, ila nimeumia. Nakhisa alileta sokoni zile karatasi za kupima msongo wa mawazo, ambazo mtu anajipima mwenyewe: mwezi huu umekosa usingizi mara ngapi, umeona mambo yamekushinda mara ngapi. Kina mama wote wakajibu "hata mara moja". Soko zima likapata sifuri. Wewe ukamwambia hakuna soko la namna hiyo duniani, kwamba amejijazia nyumbani, na asipoleta majibu ya kweli asahau joho la mwaka huu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Umemwita mwanangu mwongo. Huyu tangu mdogo akivunja kikombe anakuletea vipande mwenyewe.

2. Wewe ukiulizwa habari yako, hujibu nzuri? Rukiah wa meza ya jirani, bwana yake alikwenda Juba na simu imezimwa tangu Ramadhani. Nakhisa, anayemwita shangazi, akapiga magoti na kalamu yake, akamuuliza kama ana wasiwasi. Rukiah akamwambia, "Sina, mwanangu. Niko salama kabisa." Ulitaka amtwishe mtoto wa watu mambo ya Juba?

3. Alanyo, muuzaji mwenzetu, barafu ilimwishia, sangara wake wote wakaharibika wiki ile ile ya karatasi. Alijibu sifuri huku machozi yanamtoka. Mimi nilimwambia Nakhisa ni moshi. Na moshi ulikuwepo, tunakausha samaki pale.

4. Hizo karatasi zenyewe nani amezipima? Jaza moja wewe, Daktari, mama yako akiwa amekaa hapo anasikiliza. Ukipata zaidi ya sifuri, nitakuja kuomba radhi na sangara mzima.

5. Kwa hiyo sifuri zetu zipokewe, na chuo kilipatie soko letu cheti, maana kwa hesabu zenu wenyewe hakuna watu wenye raha kutushinda Uganda nzima.

Wasalimie walimu wenzako, bibi yako nyumbani, na huyo mama yako hasa.

Ni mimi nisiye na wasiwasi wowote,
Mama Nakhisa

Nyongeza: Nakhisa alitaka kila mama achukue karatasi akajaze pembeni peke yake. Nilimkataza, nikasema soko langu halina siri. Sauti yake ni ndogo, kwa hiyo nilisimama nyuma yake nikiyarudia maswali mpaka wenye mitumbwi wakasikia. Jana Rukiah amenivuta kando, ananiuliza kwa kunong'ona kama karatasi zingine zipo. Basi mpe mtoto nyingine, nami siku hiyo nitakaa nyumbani. Yangu nimeshajaza upya, naituma humu. Pale pa usingizi nimeandika "karibu kila siku", tangu ulipomkatalia. Usimwambie. Kuku hawajui habari hizi, wananenepa tu, na watu wa Bungoma wameshakata tiketi. Sherehe ni Jumamosi ya kwanza ya Desemba, hapa hapa Ggaba, na wewe unakaa meza ya mbele.