Landrova Iliyofungwa Bendeji

Jumatatu, 6 Oktoba 1975

Landrova imechemka tena. Mara ya nne tangu Septemba; zote nimeziandika. Safari hii ilikuwa kilima cha Mkolani, saa saba mchana. Ndugu Luhaga, meneja wetu wa usafiri, amerudi gereji kwa miguu, koti begani, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamwamkia shikamoo. Badala ya marahaba alikohoa.

Baadaye alituita wote. Cheo cha mkuu wa gereji kiko wazi tangu mzee Mihayo astaafu. Atakayeiponya Landrova kabla ya Jumamosi ndiye atakayekipata. Siku hiyo yeye anakwenda Misungwi kwenye mkutano wa wakulima wa pamba, na alisema hataki kufika amepakiwa nyuma ya baiskeli.

Cheo kina nyumba Kiseke. Nyumba ina bomba la maji uani. Nilipomweleza mke wangu Kemilembe, aliitua ndoo, akauliza kama ni bomba linalotoa maji au ni bomba tu. Linatoa. Miaka sita amebeba maji kichwani kutoka kisimani. Akasema: Baba Josepha, safari hii tafadhali usibuni kitu. Sikuelewa alikuwa na maana gani.

Mshindani wangu ni mmoja, Venant. Fundi, darasa la saba, hulala chini ya malori akidai anasikiliza. Mimi ni karani wa stoo, kidato cha nne. Nadhani inatosha.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimelifungua daftari langu la fizikia la kidato cha tatu, sura ya joto. Jibu limo! Bomba la ekzosi linatoka kwenye injini likiwa la moto kama figa, halafu linapita humohumo chini ya boneti, likimwaga joto njiani. Hasara tupu. Likivikwa blanketi, joto litabaki ndani ya bomba, litatokea nyuma ya gari na kuwa tatizo la barabara. Sijui waliolitengeneza gari hili walikuwa wapi siku sura hiyo ilipofundishwa.

Mchana nilikwenda dukani kwa Tayabali kutafuta kamba ya asbesto, ile isiyoshika moto. Hakuna. Ya mwisho iliondoka mwaka juzi. Siku hizi, alisema, hata sabuni inamtembelea kama mgeni. Akaniuliza kama nimeitazama rejeta. Nilimjibu kwa adabu kwamba nimekuja kwa ajili ya ekzosi. Akasema haya bwana, ekzosi, ekzosi, akanipatia waya wa kufungia.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimetatua! Chungu hukaa motoni mchana kutwa na hakiungui. Kwa hiyo: udongo wa mfinyanzi. Mama mmoja sokoni aliuliza nataka kufinyanga chungu cha watu wangapi. Nikamwambia cha Landrova. Alinitazama, akaniongezea bonge moja, naona kwa huruma.

Utaratibu: tabaka la udongo. Tabaka la gunia la katani, lililokatwa vipande virefu kama bendeji. Udongo tena. Waya juu. Kutoka kwenye injini hadi chini ya kiti cha dereva. Kazi ya saa tatu kamili.

Venant alichungulia, akauliza gari limevunjika mguu upi. Gereji nzima ilicheka. Nimeandika majina yao.

Jioni Landrova imekwenda Igombe kuchukua samaki wa kantini, kama kila Jumatano. Nimeona ni vizuri. Udongo utachomeka njiani.

Alhamisi, 9 Oktoba

Umechomeka! Mwekundu, mgumu. Ukiugonga kwa spana unalia kama chungu kizima.

Dereva amelalamika sana. Kwanza moshi wa gunia. Anasema alidhani anaungua yeye. Pili, wadudu wa ziwani. Walikuwa wamepanda kutoka majini kama wingu jeusi, akapita katikati yao, akasimama mara tatu kufuta kioo. Nilimweleza kwamba kioo hakimo katika utafiti wangu.

Jaribio: baada ya kuzunguka mjini nusu saa, kiganja juu ya boneti, saa mbele ya macho. Jumatatu, kabla ya safari ya Mkolani: sekunde nne, kisha ukelele. Leo: sekunde ishirini na moja, bila ukelele. Ndugu Luhaga aliweka kiganja chake mwenyewe. Akasema, kumbe. Sijawahi kumsikia akimwambia Venant kumbe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kemilembe ameniuliza bomba la Kiseke liko upande gani wa ua. Nimemchorea ramani. Ameikunja na kuiweka kwenye Biblia.

Jumamosi, 11 Oktoba

Niandike kama ilivyokuwa.

Tuliondoka saa mbili asubuhi. Ndugu Luhaga mbele na dereva, mimi na Venant nyuma. Njiani Ndugu Luhaga alisema ni mara ya kwanza miguu yake haichomeki ndani ya gari hili. Mkolani tukapanda, tukapita! Nilimtazama tu Venant, kwa muda mrefu. Alikuwa anatafuna karanga.

Buhongwa ikachemka. Mvuke, mluzi, watu wakatoka majumbani.

Niliruka chini, nikaweka kiganja kwenye boneti. Sekunde kumi na tisa! Nikamwonyesha Ndugu Luhaga daftari. Aliniuliza kama sekunde hizo zinaweza kumfikisha Misungwi.

Venant aliomba maji na ufagio wa njiti nyumba ya jirani, akafungua wavu wa mbele. Rejeta haikuonekana. Wadudu wa ziwani walikuwa wameshikana kama kashata, Jumatano baada ya Jumatano. Alikwangua, akasuuza, akasubiri ipoe, akajaza maji. Akaeleza kwamba upepo ulikuwa haupati pa kupita. Tena akasema, mbele ya watu: Blanketi lako, Profesa, limefanya kazi yake, joto la bomba halikutapakaa na miguu ya meneja imepona. Lakini maji ya injini hayapozwi na bomba, yanapozwa na rejeta. Na huo udongo uondoe kabla ya mvua, utashika unyevu na bomba litaoza.

Nimeandika: wivu.

Kwenye shimo lililofuata kipande cha udongo urefu wa mkono kilianguka. Mama mmoja alikiokota, akatukimbilia, akauliza mdomo wa chungu hiki uko wapi. Ndugu Luhaga alifunga dirisha.

Misungwi tulifika mkutano haujaanza.

Jumatatu, 13 Oktoba

Cheo amepewa Venant. Na nyumba. Kemilembe alijua kabla yangu. Alikutana kisimani na Teodora, mke wa Venant, aliyekuwa anakiaga kisima. Teodora amemwachia kata yake ya kuchotea maji. Kemilembe ameitundika ukutani, mahali ninapoiona nikila.

Amri ya kwanza ya mkuu mpya: rejeta isuguliwe kila Alhamisi asubuhi. Msuguaji ni mimi.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimefikiri kwa utulivu. Venant anatibu, hazuii. Wadudu wanaingia kwenye rejeta kwa sababu iko wazi kwa mbele. Basi! Kosa langu lilikuwa dogo sana: nilifunga mahali pasipohusika.

Gunia limebaki nusu. Udongo limebaki bonge moja, lile la huruma. Rejeta nimeipima. Matabaka mawili yataifunika yote, asipenye hata mdudu mmoja, wala upepo unaowaleta. Nitaifunga keshokutwa asubuhi, saa yangu ya kusugua, Venant akiwa kwenye kikao chake cha kwanza. Ijumaa Ndugu Luhaga anakwenda Shinyanga. Mwendo mrefu, jua kali. Atarudi akijua nani ni nani.

Nimemwambia Kemilembe aanze kufunga vyombo. Akauliza kama afunge na ndoo. Nikamwambia ndoo aiache, hatutaihitaji tena.

Ameitazama kwanza ile kata. Kisha amejitwika ndoo, amekwenda kisimani.