Hai Si Ndiyo

Jumatatu, 10 Novemba
Wageni kutoka Estonia wanaingia kesho, waondoke Ijumaa. Wanafunzi kumi na wawili na mwalimu wao, Bi Vaarik. Wanakuja kujifunza Kijapani na kuona tunavyotumia vifaa vya kutafsiri darasani. Mwenyekiti wa mapokezi ni mimi. Nimefundisha Kiingereza shuleni hapa miaka thelathini na minne. Ubaoni sina mpinzani. Kukizungumza na mtu ni jambo jingine: mara ya mwisho mgeni aliniuliza stesheni, nikampeleka chooni. Wanafunzi wangu wakijua, nitastaafu Machi nikiwa kichekesho.

Nina mpango! Nitavaa barakoa, niseme mafua yamekausha sauti. Kisikilizio sikioni, spika ndogo mfukoni; ninong'one Kijapani, kifaa kinisemee Kiingereza. Mwalimu Kuzuhara wa kompyuta, binti mwenye ulimi mkali, amenikabidhi kifaa akiuliza kama mafua hayo yamepangiwa kuisha Ijumaa.

Jumanne
Ushindi. Bi Vaarik alizungumza Kiingereza nusu saa, kifaa kikininong'oneza Kijapani. Kila alipovuta pumzi nikasema "hai". Hapa inafaa nieleze. "Hai" yetu ya Kijapani hutafsiriwa "ndiyo", lakini si lazima iwe kukubali. Ni kumjulisha msemaji kwamba sikio halijalala. Aliyelelewa vizuri husema "hai" hata anapokaripiwa. Bi Vaarik alizidi kuchangamka. Mwishoni alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Kuzuhara alikuwa akijiuma midomo. Wivu.

Jumatano
Haukuwa wivu. Spika ilikuwa ikigeuza kila "hai" yangu kuwa "Ndiyo, nakubali." Kuzuhara amenisomea niliyoyakubali. Kujenga sauna, chumba cha kuoga mvuke, kando ya bwawa la shule. Kufungia vitabu vya sarufi kabatini wiki nzima. Na Ijumaa, sauti ikisharudi, kuhutubia wazazi na Mwalimu Mkuu kwa Kiingereza, dakika kumi, bila kifaa!

"Mwalimu Isogai, kwani hukujua?"

Nikamjibu nilijua yote. Akauliza, hata sauna? Hasa sauna, nikasema.

Alhamisi
Asubuhi nilimkabili Bi Vaarik, na kwa utulivu, kwa mifano saba, nikamweleza kwamba "hai" si ndiyo, na kwa hiyo hotuba haipo. Spika ilitafsiri kila neno. Alisikiliza kwa makini sana. "Hai," akasema. "Hai, hai."

Moyo ukatua! Nikaenda kunywa chai na kumtangazia Kuzuhara kwamba hotuba imefutwa, mgeni amekubali mara tatu.

Kuzuhara aliweka kikombe chini taratibu. "Mwalimu wangu, si umetoka kumfundisha maana yake sasa hivi?"

Mbio hadi kwenye ratiba ukutani. Jina langu bado lipo. Limepigiwa mstari mwekundu.

Ijumaa
Ukumbi umejaa. Nilisalimia kwa Kiingereza, kisha sentensi ya pili ikagoma kutoka. Chihaya, mwanafunzi wangu wa mstari wa mbele, aliinamisha kichwa, akiona aibu kwa niaba yangu. Ndipo safu nzima ya Waestonia ikasema kwa pamoja, "Hai."

Sentensi ikanitoka. "Hai." Ikafuata nyingine. Dakika ishirini baadaye Mwalimu Mkuu alinivuta koti, nami bado nimo katika vishazi tegemezi! Makofi. Chihaya alikuja kuniambia kumbe hata mwalimu huogopa kuongea. Akaomba tuwe tunafanya mazoezi pamoja. Nikakohoa, nikasema yalikuwa mafua.

Kuzuhara anadai wageni hawakuelewa hata neno moja. Huo sasa ndio wivu wenyewe. Walikubaliana nami mara arobaini na moja. Nilihesabu.

Wakati wa kuagana, Bi Vaarik alinisemesha kwa muda mrefu penye mlango wa basi. Nilikuwa nimekirudisha kifaa mahali pake, kisikilizio sikioni, spika mfukoni. Alisimulia Februari ya kwao, ziwa lililoganda, shimo linalokatwa kwenye barafu, na mgeni wa heshima anayetangulia kuingia majini. Desturi ya kupendeza. Nilimsikiliza kwa adabu, nikasema "hai" mara tisa.

Mwishoni aliuliza kipimo cha kiuno changu. Watu wakarimu hawa! Nikamtajia.