Vita vya Jedwali na Pakacha Jikoni kwa Doña Hortensia

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kupoteza karatasi yenye jambo la maana! Acheni vyungu vichemke vyenyewe, mnyamazisheni jirani, kaeni kitako. Watunzi wa kale walipotaka kusimulia vita waliomba wino mweusi na kalamu nzuri. Msimulizi wa vita hivi anaomba umeme usikatike tu, maana vilipiganwa kwa vidole, juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi, katika mji wa Zarcero ulioko juu milimani penye ukungu na ng'ombe, wiki mbili kabla ya Krismasi.

Shujaa ni Yorleny Chinchilla, binti wa mkamua ng'ombe, mwenye vidole vyepesi na subira ya jiwe, mwandishi wa programu wa kwanza katika ukoo wake. Siku kumi na tisa alikuwa akijenga tovuti ya watu kuagizia tamale za shangazi yake, Doña Hortensia. Kuta za tovuti zilikwisha kusimama, milango ilifunguka, na picha za tamale, zile za unga wa mahindi na nyama ndani ya majani ya mgomba, zilipendeza hata mtu akatamani kulamba kioo. Kilibaki kitu kimoja tu: hifadhidata, yaani ghala la huko kwenye seva ambamo kila agizo lingelala salama. Na ghala hilo lilikuwa halijachaguliwa, kwa sababu binamu yake Wilberth, msaidizi wake katika kazi na mpinzani wake katika kila jambo, alitaka jingine.

Asubuhi ile Doña Hortensia, Malkia wa Masufuria, mwenye mikono iliyozoea moto, alitoa amri.

"Nawapa mpaka kahawa ya saa tisa. Mkiwa bado mnabishana, mimi narudi kwenye daftari langu. Na wewe, Yorleny, unarudi kwenye simu."

Yorleny aliijua simu hiyo. Desemba iliyopita alipokea simu wiki tatu, akaandika maagizo daftarini mpaka sauti ikamkauka. Kisha mafuta ya nguruwe yakamwagika kwenye ukurasa mmoja, yakafuta agizo la Don Eladio, mzee mjane, naye akaimaliza Krismasi kwa mkate na jibini. Agizo lile alilipokea Yorleny mwenyewe. Mzee hakulalamika hata neno moja, na hilo ndilo lililomchoma kuliko mkuki.

Basi akasimama, akashika kiti kama mtu anayeshika ngao, akanena:

"Mimi nachagua Jedwali, ghala lenye nembo ya tembo. Kila kitu kina safu yake, na kila safu ina mlinzi. Kisichojua mahali pake hakipiti!"

"Ala! Binamu, wewe umejenga gereza," akajibu Wilberth, mdomo umejaa ndizi ya kukaanga. "Mimi nasema Pakacha. Unatupia chochote, linapokea. Halikuulizi unatoka wapi wala mama yako nani."

"Pakacha huvuja."

"Likivuja si ndiyo nafuu ya mchukuzi?"

"Mchukuzi anapata nafuu, Don Eladio anapata njaa!"

"Mnanipigia kelele," akasema Doña Hortensia bila kugeuka. "Mpigieni huyo Don Eladio aagize. Tuone ghala la nani lina adabu."

Simu ikapigwa, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Naye mzee, mlinzi wa kumbukumbu za mji, akaanza:

"Andika, binti. Jozi sita, za Ijumaa. Kutoka ulipokuwa mtini mkubwa, mita mia mbili kusini, halafu hamsini kama unakwenda kwa marehemu Chepe. Nyumba ya kijani."

"Don Eladio, mtini si ulikatwa kabla mimi sijazaliwa?"

"Ndiyo maana nikasema ulipokuwa."

"Nyumba ina namba?"

"Namba ya nini, mwanangu? Nyumba yangu ni moja tu."

Lo! Hapo ndipo Yorleny alipoona shimo alilojichimbia. Safu za Jedwali lake alizinakili kutoka somo moja la nchi ya mbali: jina la mtaa, namba ya nyumba, sanduku la posta. Zarcero nzima hakuna anayejua jina la mtaa wake. Mtu huelekezwa kwa kanisa, kwa duka, kwa mti uliokufa. Na mita mia ni kutoka kona moja hadi nyingine, hata ukipima ukapata themanini. Akabonyeza, na mlinzi wa Jedwali akapaza maandishi mekundu: *Namba ya nyumba inahitajika.*

Wilberth alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akamimina agizo lile katika Pakacha, pamoja na mengine saba ya majaribio waliyokwisha kuyaandika kila mmoja kwa mtindo wake. Pakacha likayameza yote, shwari kama ng'ombe penye majani mabichi.

"Haya, nimeshinda. Mnivike taji."

"Ngoja kwanza," akasema Malkia. "Liulize, Ijumaa nifunge jozi ngapi?"

Wilberth akauliza, akatazama, akauliza tena. Agizo moja lilisema *sita*, jingine *nusu dazeni*, jingine *kama za mwaka jana*, na jingine idadi ilikuwa imejificha katikati ya maelekezo ya njia.

"Ngapi, mwanangu?"

"Shangazi... kati ya kumi na nne na mia mbili na hamsini."

"Nichinje nguruwe mmoja au nimalize zizi?"

Taji likaanguka kabla halijavaliwa. Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro dakika kumi. Doña Hortensia akafuta mikono, akalivuta daftari lake kutoka mfukoni mwa aproni, akaliweka mezani. Meza ikayumba. Yorleny hakuweza kulitazama. Akageukia majani ya mgomba, akaanza kumsaidia shangazi kufunga tamale, mbili mbili, uso kwa uso, kama zifungwavyo tangu enzi za bibi zao. Kwa uchungu alivuta kamba hadi jani likapasuka.

"Taratibu, wewe! Ukibana sana inapasuka, ukilegeza maji yanaingia. Kamba ni ya nje. Ndani, uache unga ujikalie."

Yorleny akasimama na kamba mkononi.

"Shangazi, sema tena."

"Ndani, uache unga ujikalie. Kwani wewe kiziwi?"

Akarudi mezani mbio, vidole vina unga. Akalifungua Jedwali la tembo, akazing'oa zile safu tatu za kigeni kama mtu ang'oaye mageti ya adui. Akawaacha walinzi penye jina, simu, siku, na jozi, ambapo mlinzi wa jozi haruhusu ila tarakimu. Kisha akatandaza safu moja pana, isiyo na mlinzi, akaiita *Maelekezo*: mtu aseme ndani yake chochote, hata mti uliokufa.

Wilberth akachungulia. "Kwa hiyo umelitia pakacha langu ndani ya jedwali lako."

"Nimelitia. Na halitavuja."

"Basi nimeshinda."

"Umeshinda, binamu. Nenda kaoshe masufuria."

Kahawa ilikwisha kuanza kudondoka kutoka kwenye kitambaa chake cha kuchujia. Yorleny akaandika agizo la Don Eladio, akabonyeza. Hakukutokea wekundu. Akauliza jozi za Ijumaa. Jedwali likajibu kwa tarakimu moja: *6.*

"Nisomee lote," akasema Doña Hortensia.

Akalisoma, kuanzia jina la mzee hadi nyumba ya kijani. Malkia alisikiliza akiwa amefumba macho, kama anayetembea njia ile kwa miguu. Kisha akalichukua daftari, akainama kwa kugumia, akalisukuma chini ya ule mguu mfupi. Meza ikatulia.

"Sasa tunywe kahawa," akasema.

Basi na ijulikane kwa watoto na wajukuu: saa tisa kasoro dakika mbili, katika mji ambamo hata mtini haukudumu mahali pake, mstari wa kwanza wa Jedwali ulipata mahali pa kukaa, na jina lake ni Don Eladio.